Mjomba Aache Kumtisha Mama

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, shemeji na watoto. Mimi sijambo. Kazi ipo, baridi imeanza, mengine tuyaache.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, mpaka pale mlango ulipobamizwa nikajua Mjomba ameingia. Kwa hiyo Mama hataki tena kupanda meli pamoja nami. Kaambiwa meli za kitalii huzama, zimejaa maradhi, ni za matajiri wasiojua pa kutupa pesa, na mtu akifia humo hutoswa baharini. Dada, Mjomba hajawahi kuziona hizo meli hata zikiwa zimefunga gatini. Mimi nimepanda, nimelala, nimekula humo, nikashuka kwa miguu yangu. Kwenye ukoo wetu nani mwingine? Na bado anayesikilizwa ni yeye.

Nianze na hilo la kutoswa, maana ndilo lililomkosesha Mama usingizi. Si kweli. Meli kubwa zina zahanati yenye daktari na wauguzi, na zina chumba cha baridi cha kuhifadhia maiti mpaka bandarini, kwa kuwa penye maelfu ya watu, wengi wao wa umri mkubwa, vifo havikosekani. Hiyo usimsomee Mama, mwambie tu daktari yupo. Jambo la kweli ambalo Mjomba hakuligusa ni kwamba daktari huyo hayumo kwenye tiketi. Ukipimwa unalipa, ukidungwa sindano unalipa, na mgonjwa akilazimika kutolewa baharini kwa helikopta, gharama yake inaweza kutufilisi sote. Kwa hiyo bima ya Mama haina mjadala, na mniandikie dawa zake zote za presha kwa majina kamili, si "ile nyeupe na ile ya asubuhi".

Kuzama sasa. Mjomba anaitaja Titanic kama iliyozama juzi. Ilizama mwaka 1912, ikiwa na watu wapatao 2,200 na boti za kuokoa watu 1,178 tu. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli mwaka 1914, na siku hizi meli ya abiria ya safari za kimataifa hubeba boti na maboya yenye nafasi zinazozidi idadi ya waliomo. Akitaka kubishana kwa haki angetaja Costa Concordia, iliyogonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, wakafa watu 32. Nahodha aliisogeza mno pwani, na baadhi ya abiria waliokuwa wamepanda siku hiyo hiyo walikuwa hawajafanyishwa zoezi la dharura. Baada ya hapo sheria ikabadilishwa: tangu 2015 zoezi hufanyika kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapoondoka. Mimi nilifanyishwa. Mzee mmoja wa mbele yangu alitaka kutoroka akanywe bia yake, binti wa meli akamrudisha kwa tabasamu ambalo halikuwa la kutania, akasimama mlangoni mpaka kadi yake ikasomwa.

Na hili la mawimbi. Mjomba anapima kwa kivuko kilichojaa kupita kiasi. Dada, meli inayoitwa Icon of the Seas, iliyoanza safari zake kutoka Miami Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na inaweza kubeba abiria 7,600, bila kuwahesabu mabaharia. Niliyopanda mimi haikufika huko, ila ni ya jamii hiyo. Chini ubavuni hutoka mapezi ya chuma, kila upande, yanayopunguza meli kuyumba kulia na kushoto. Hayazuii pua kupanda na kushuka, hapo sitawadanganya. Upepo ukichafuka utausikia. Lakini mtu akipewa chumba cha katikati na cha chini, bahari haimlevyi sana. Wenye pesa zao hukimbilia vyumba vya juu mbele, halafu usiku ndio wanaotafuta vidonge. Mama atalala katikati.

Maradhi yapo, kama yalivyo mashuleni na kwenye nyumba za wazee. Virusi vya kuharisha na kutapika hupenda mahali watu wanaposhika miiko ile ile ya kupakulia. Meli zinazofika bandari za Marekani hukaguliwa bila taarifa na kupewa alama kati ya 100, na yenye 85 kushuka chini imefeli, tena matokeo yanatangazwa wazi. Dawa yake ni sabuni na maji. Ile ya kupaka mikononi haifui dafu mbele ya virusi hivyo.

Sasa nije kwenye lililoniuma. Nani aliandika kwenye kundi la familia kwamba mimi "nakula maisha wakati paa linavuja"? Jina lake nimeliona, sitalitaja hapa, nitamuuliza ana kwa ana. Ile picha niliyopigwa nikiwa na miwani ni ya sitahani, na sitaha ni ya kila mtu. Chumba changu hakikuwa na dirisha. Ukizima taa hujui kama ni saa nane za mchana au za usiku. Kwenye televisheni kulikuwa na chaneli inayoonyesha bahari kutoka kamera ya mbele ya meli. Nikawa naiacha ikiwaka bila sauti usiku kucha, na nilijua kumekucha pale kioo kilipoanza kugeuka kijivu. Ndiyo utajiri wangu huo. Tiketi niliikata nje ya msimu, na usishangae nikikuambia ilikuwa nafuu kuliko hoteli na milo ya siku hizo hizo.

Pesa hupotea ukishaingia. Wengi hudhani kila kitu kimelipiwa. Chakula cha mgahawa mkubwa kimo, na unakula mpaka uone haya. Lakini kwenye meli nyingi soda, pombe, intaneti, kufuliwa nguo na matembezi ya nchi kavu ni juu yako, na bakshishi huongezwa kwenye bili kwa kila kichwa kwa kila siku, umwone mhudumu usimwone. Tena bei hutangazwa kwa mtu mmoja kwa hesabu ya wawili chumbani. Ukienda peke yako mara nyingi unalipia karibu vitanda vyote viwili. Mimi nililipia kitanda kitupu, Dada. Hicho kitanda ndicho ninachotaka Mama alalie, kwa hiyo wasinihesabie kama nimewanyang'anya kitu.

Magoti ya Mama ndiyo sababu nyingine ya kuchagua meli. Unafungua begi mara moja, kisha miji inakufuata. Lifti zipo, viti vya magurudumu vipo. Nitakwepa tu safari zinazotia nanga nje na kushusha watu kwa boti ndogo, kama zile za kisiwa cha Santorini, Ugiriki, maana pale mwenye kiti huweza kuambiwa abaki. Na asitegemee kuamka Roma. Meli hufunga kwenye bandari ya Civitavecchia, Roma iko mbali kama mwendo wa saa nzima wa treni, na jioni meli inaondoka, uwe umerudi usiwe umerudi. Niliona mke na mume wakikimbia gatini, mume kashika viatu vya mkewe, ngazi imeshavutwa. Watu waliokuwa sitahani waliwapigia makofi. Mimi sikupiga.

Usiku huo nilibaki nje peke yangu nikamkumbuka Baba, alivyokuwa akimwahidi Mama kwamba iko siku ataiona bahari akiwa katikati yake. Mama akimcheka, akimwambia kwanza amalize deni la baiskeli. Nilitaka kuwapigia simu, intaneti ya humo ikanishinda kwa bei.

Kwa hiyo fanya haya. Pasipoti ya Mama iangaliwe leo. Isiwe imebakiza chini ya miezi 6. Viza tutaomba ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikitoka Ugiriki ikaenda Uturuki kisha ikarudi, ya mara moja inaweza kumkwamisha. Picha apigwe studio, usimpige wewe kwa simu kama ile ya mwaka jana yenye kidole.

Hela ya paa natuma mwisho wa mwezi. Aipokee shemeji na anunue yeye mwenyewe. Mjomba asiishike, na akiuliza, mwambie ndivyo nilivyosema.

Mdogo wako akupendaye