Baba anataka kuja Kibiti

Mbagala, Jumapili usiku

Shoga yangu Rehema,

Hamjambo huko? Najua nimekaa kimya tangu harusi ya Sikujua, na simu zako mbili sikupokea. Nisamehe, nitakueleza tukionana. Leo nina jambo la Baba.

Juzi nimemkuta uani anapiga buti kiwi. Buti zile zile za kazini, Rehema, na alivyostaafu siku nyingi! Anasugua ncha mpaka inang'aa, hasemi kitu. Nikamuuliza, safari ya wapi? Akasema Kibiti, kwa wale askari polisi waliouawa.

Ile Alhamisi hujaisahau, tarehe 13 Aprili 2017, kesho yake Ijumaa Kuu. Wametoka lindo, wamo garini wanarudi, wakamiminiwa risasi njiani. Wanane wakafa, silaha zikaporwa. Mama alikuwa anachambua mchele wa Pasaka tulipopata habari. Ungo ukabaki mapajani, hakuugusa tena. Baba hakumjua hata mmoja wao, ila lindo analijua. Anasema saa ya kurudi ndiyo mwili unalegea, mtu anawaza chai na kitanda. Walikuwa wameshamaliza kazi, Rehema. Hapo ndipo mawazo ya Baba yanaporudi kila siku.

Kituo cha polisi cha Stakishari 2015 waliuawa askari wanne, Mbande kwenye benki 2016 wanne tena, kisha hao wa Kibiti. Kila mara alikata kipande cha gazeti akakitia kwenye bahasha moja na karatasi zake za kustaafu. Sasa vimekuwa vya njano, vinakatika kwenye mikunjo. Mtu akisema "wale wanane" Baba anamkatiza: "Wana majina." Halafu anayasoma, cheo kwanza, taratibu, kama yuko mbele ya gwaride.

Najua kwenu ni kutonesha kidonda. Mlizika wenyeviti wa vijiji na watendaji waliouawa, bodaboda zikapigwa marufuku usiku, ukaniambia mnafunga milango jua halijazama. Nimemweleza Baba yote hayo. Akasema basi na wao atawaombea hapo hapo.

Naomba umpokee, shoga. Kwa presha ile siwezi kumwacha alale gesti peke yake, na mimi ruhusa kazini nimenyimwa. Nimejaribu kumzuia, kisha nikaona haya. Kwa nini nimzuie?

Chumba cha uani bado kina mpangaji? Yule mzee jirani yako, wa mikorosho, anaweza kumpeleka mpaka mahali penyewe? Watu watamshangaa akisimama kando ya barabara anasoma majina kwa sauti? Au mwende kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji muombe ruhusa, wewe unaonaje? Na goti la Mama mdogo limepoa?

Anasema Jumatano atapanda gari la alfajiri hapa Rangi Tatu. Nijibu kabla hajakata tiketi. Buti keshaziweka mlangoni.

Wako,
Neema