Zima moteri, usikilize remorki

Bashofere wengi wanaopitia gereji yetu kwenye barabara ya Kasumbalesa hukagua freni za upepo za remorki moteri ikinguruma. Wanapiga teke pneu, wanazunguka mara moja, wanatazama mshale wa upepo: bar 8, twende. Kumbe moteri ndiyo inayowadanganya. Kompresa inajaza haraka kuliko tundu linavyotoa, na kelele yake inameza ule mluzi wa tiyo iliyochoka.

Zima. Lakini kwanza weka kabari kwenye magurudumu, maana kipimo hiki kinafanywa freni zikiwa zimeachiwa. Ngoja mshale utulie, uhesabu dakika moja. Kisha kanyaga pedali, uishikilie dakika nyingine. Katika mtihani wa leseni Marekani, kamio yenye remorki moja isipoteze zaidi ya psi 3 kwa dakika ya kwanza, wala zaidi ya psi 4 pedali ikikanyagwa. Kwa bar hiyo ni kama 0,2 na 0,3, yaani mshale usogee kidogo sana. Mshale ukishuka mbele ya macho yako, chukua maji ya sabuni, upake: panapotoa povu ndipo upepo unapotoka.

Anzia kwenye vichwa vya tiyo, pale kamio inapoungana na remorki. Nyekundu inajaza tangi za remorki, ya njano inapeleka amri ya mguu wako. Ndani ya kila kichwa kuna raba ndogo, na wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu linaila kama msasa. Ni kitu cha dakika tano kubadilisha, lakini tunaona watu wameizungushia plastiki ya sachet! Angalia pia tiyo hizo mbili zisibadilishane mahali. Zikibadilishana, tangi za remorki hazijai. Remorki yenye freni za springi, zile zinazojifunga upepo usipokuwepo, itagoma kuondoka, na hapo una bahati. Ile ya zamani isiyo na springi itakufuata vizuri tu, bila freni.

Kuna jambo moja linatuudhi. Tundu likitokea njiani, mtu anakunja tiyo ya gurudumu lile na kuifunga kwa waya ili upepo usitoke. Gurudumu hilo halishiki tena. Mzigo wote wa shaba unabaki kwa yale mengine, yanapata moto, na safari nyingine shofere mwingine anapewa remorki hiyo bila kuambiwa. Kwa hiyo inama chini, ushike tiyo moja moja kwa mkono. Ila chungu cha springi, kile cha freni karibu na gurudumu, usikifungue mwenyewe. Springi iliyobanwa mle ndani inaweza kuua mtu.

Tangi zimwage maji, hasa masika. Maji matupu ni kawaida; yakija mengi kila siku, kikaushio cha upepo kimechoka. Yakitoka na mafuta meusi, kompresa ndiyo inayoomba msaada.

Mwisho, kabla ya kutoka kwenye parking, funga freni za remorki peke yake, uivute polepole kwa gia ya kwanza. Isiposhika, usiondoke.

Sisi tunapima mfumo wote kwa sabuni, tunabadilisha raba, tiyo na valvu. Ukituletea remorki, tafadhali usiioshe kwanza: mahali upepo unapotoka vumbi huwa limepeperushwa, na alama hiyo inatuokolea nusu saa ya kutafuta.