Mwanangu, usimwambie kocha akufute jina

Mwanangu mpendwa,

Dada yako ameniambia umemwomba kocha asikuhesabu tena. Ati sasa una mtoto, umezeeka, na mama hana lake kwenye kambi ya wakimbiaji. Aliyekutia maneno hayo simjui, lakini naona hakuwahi kumfuatilia Catherine Ndereba, mkimbiaji wa marathoni.

Catherine ni wa kwetu Nyeri, mzaliwa wa Gatunganga, aliyeajiriwa na Idara ya Magereza huku akikimbia. Binti yake, Jane, alizaliwa 1997. Mwaka uliofuata akarudi na mbio fupi za barabarani. Marathoni yake ya kwanza ilikuwa Boston 1999, akamaliza wa sita. Yaani hakuna hata marathoni moja aliyoikimbia kabla hajawa mama! Boston aliishinda 2000, 2001, 2004 na 2005. Oktoba 2001 huko Chicago akaweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 18 na sekunde 47, wiki moja tu baada ya Naoko Takahashi wa Japani kuweka yake. Ubingwa wa dunia akautwaa Paris 2003 na Osaka 2007.

Mimi lakini nazipenda zaidi mbio zake za Olimpiki ya Athens, 2004. Jioni ile joto lilikuwa kali na barabara ina milima. Mizuki Noguchi wa Japani alishachomoka. Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyetarajiwa na wengi, alishindwa kuendelea akabaki kando ya barabara analia. Catherine hakupapatika. Aliwaacha wenye haraka waende, kisha kilomita za mwisho akaanza kuwapita mmoja mmoja, mpaka akabaki Noguchi peke yake. Alimkosa kwa sekunde 12. Wako waliosikitika kwamba ni medali ya fedha, si dhahabu. Mimi nilishangilia mpaka sauti ikanikauka. Miaka minne baadaye, Beijing, akapata fedha nyingine akiwa na miaka 36, akimwacha Zhou Chunxiu wa Uchina kwa sekunde moja. Mwanamke wa miaka 36 aliipigania sekunde hiyo, na wewe wa miaka 24 unasema umezeeka.

Sikwambii uvae viatu kesho. Mwili uliozaa unataka muda, tena usimwige mwenzako aliyerudi mapema. Nyonyesha, kula ushibe, lala mtoto anapolala. Daktari akikuruhusu, anza kwa kutembea. Maumivu ya nyonga au mgongo usiyafiche kwa kocha. Hayo ndiyo huharibu wengi.

Ninachokuomba sasa ni kumpigia kocha simu umwambie umepumzika, hujaacha. Mtoto akishaachishwa ziwa, atakaa na sisi siku za kambi. Baba yako ameanza kumtengenezea kitanda, na mimi nimeshapunguza kazi za shamba.

Mamako