Mgongo wenye vyuma haunyooshwi kwa kubahatisha

Mhariri,

Hapa Kisumu, mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili za uti wa mgongo akianza kuumwa tena, ushauri humjia kutoka kila upande. Jirani atamwambia akakandwe, mwingine atamwelekeza kwa tabibu wa kairopraktiki anayenyoosha mgongo kwa mikono. Hatuna ugomvi na tiba hiyo. Tunachoomba ni kwamba asiguswe mgongo kabla anayemgusa hajasoma karatasi ya upasuaji na kuziona picha zake.

Katika upasuaji huo pingili mbili au zaidi hufanywa ziwe mfupa mmoja. Kwa kawaida skrubu hutiwa katika kila pingili, kulia na kushoto, zikafungwa kwenye fito za chuma. Kisha vipande vya mfupa, mara nyingi vya mgonjwa mwenyewe kutoka nyongani, hupandikizwa hapo. Wengi hudhani vyuma ndivyo vitakavyobeba mgongo maisha yote. Sivyo. Vyuma hushikilia tu mpaka mfupa uote, kama mbao zinavyoshikilia zege mpaka likauke. Mfupa huhitaji miezi 3 hadi 6 kuanza kushika, na mara nyingine hufika mwaka au zaidi kabla haujakomaa. Usiposhika, chuma kinachopindwapindwa kila siku huchoka: skrubu hulegea, fito hukatika. Sigara huchelewesha sana kazi hiyo, kwa kuwa nikotini hubana mishipa midogo inayoulisha mfupa. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huchelewesha. Dawa kama diklofenaki na brufeni, zinazonunuliwa dukani bila kufikiria, zisimezwe miezi ya kwanza kabla ya kumuuliza daktari aliyepasua.

Sasa tazama msukumo wa ghafla wa mikono, ule unaofanya kiungo kilie. Umekusudiwa kiungo kinachocheza. Pingili zilizounganishwa hazichezi tena, kwa hiyo nguvu ile huishia kwenye skrubu, kwenye mfupa mchanga, au kwenye pingili ya juu na ya chini ambazo tayari zimeongezewa mzigo. Mlio wenyewe hauonyeshi kwamba mfupa umerudi mahali pake. Ni gesi inayojitenga katika majimaji ya kiungo, mlio ule ule wa kualisha vidole. Mgonjwa asiutumie kupima kama amepona.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kairopraktiki, wa mwaka 2005, unaweka vyuma vilivyotiwa kuimarisha mifupa miongoni mwa mambo yanayokataza kabisa msukumo wa aina hiyo mahali vilipo. Lakini mwongozo huohuo hauufungi mgongo wote: sehemu nyingine zinaweza kutibiwa, na mbinu za nguvu ndogo zina nafasi yake. Kwa hiyo tabibu anayesema "hakuna shida, nitanyoosha palepale" hajui kazi yake, na anayemfukuza mgonjwa bila kumsikiliza naye anamnyima msaada.

Maumivu ya baada ya upasuaji yana vyanzo vingi, na mikono haifai kwa vyote. Misuli iliyokakamaa kwa kukaa miezi bila kazi hulainika kwa kukandwa taratibu na kwa mazoezi. Kiungo kati ya kitako cha mgongo na nyonga, ambacho huchoka zaidi upasuaji unapofika hadi S1 (pingili ya kwanza ya kitako hicho), mara nyingi huitikia mbinu za polepole, hata kwenye kitanda kinachovuta mgongo kidogo kidogo, mradi mkono wa tabibu usikae juu ya pingili zilizounganishwa. Pingili jirani iliyoanza kuchakaa huhitaji zaidi kuimarishwa misuli ya tumbo na makalio. Lakini mfupa ambao haukuota, skrubu inayogusa neva, au usaha uliojificha ndani ni kazi ya daktari wa upasuaji. Kuvikanda ni kupoteza muda ambao neva haina.

Ndiyo maana picha ni lazima. Eksirei zipigwe mgonjwa akiwa amesimama, kisha akiinama mbele, kisha akijikunja nyuma, zilinganishwe. Pingili zilizoungana hazitakiwi kusogea. Penye shaka, picha ya CT huonyesha mfupa vizuri zaidi. Kabla daktari hajasema mfupa umeshika, wagonjwa wa kiuno wabaki na kutembea, kila siku mbali kidogo kuliko jana, na kutoka kitandani kwa kugeuka ubavu mzima, mabega na magoti pamoja, kisha kushusha miguu huku mkono ukisukuma kitanda. Katika wiki za mwanzo madaktari wengi hukataza kunyanyua zaidi ya kilo 4 au 5. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na jembe humwinamisha mtu kutwa nzima. Familia izichukue kazi hizo.

Shingo tunaitaja peke yake. Mishipa mikuu miwili ya damu inayoelekea ubongoni hupita ndani ya pingili za shingo, na kuzungusha shingo kwa ghafla kunaweza kuichana na kuleta kiharusi. Shingo iliyounganishwa isisukumwe hivyo hata kidogo.

Kwetu huku kuna jambo jingine lisilosemwa vya kutosha: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Upasuaji huu wenyewe, Russell Hibbs na Fred Albee walipouanzisha New York mwaka 1911, ulikuwa na wagonjwa wa aina hiyo akilini. Mtu anayekonda, anayetokwa jasho usiku na kuumwa mgongo hata akilala apimwe TB kwanza. Pingili iliyoliwa na kifua kikuu ikisukumwa inaweza kuporomoka na kubana neva zinazopita ndani ya mgongo.

Mgonjwa aliyepasuliwa akipatwa na ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, akishindwa kukojoa au kujizuia, mguu ukilegea ghafla, au akipata homa huku kidonda kikitoa usaha, aende hospitali siku hiyohiyo. Asipitie kwa mtu wa kunyoosha.

Hospitali zetu zimkabidhi kila mgonjwa anaporuhusiwa karatasi inayosema wazi: pingili zipi zimeunganishwa, kwa mfano L4 na L5 (pingili ya nne na ya tano za kiuno), tarehe, kama walipasua kwa mbele au kwa nyuma, vyuma gani vimo, na lini apigwe picha tena. Kliniki za kairopraktiki na za fiziotherapia, kuanzia Kondele hadi Milimani, ziidai karatasi hiyo kabla ya kumlaza mtu kitandani. Mgonjwa aliyeipoteza anaweza kuomba nakala kutoka faili lake hospitalini, na aipige picha kwa simu siku hiyohiyo.

Wahudumu wa fiziotherapia,
Kisumu