Tuwape wanafunzi herufi, wasake maneno ya Kingereza wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo naona tunalipuuza sana, nalo ni huu mchezo wa kusaka maneno ya Kingereza kwa herufi, yaani mtoto unampa herufi kadhaa unamwambia haya nitafutie maneno yenye herufi hizi. Wengi wanauchukulia kama mchezo wa kupoteza muda, au wa watoto wa shule za ada kubwa. Mi nasema anayeuhitaji kuliko wote ni huyu wetu wa shule ya kata.

Hebu angalia, mtoto kasoma msingi yote kwa Kiswahili, akifika fomu wani kila kitu kimegeuka, bailojia Kingereza, jografia Kingereza, hesabu Kingereza. Na Kiswahili kimemzoesha kwamba unavyosikia ndo unavyoandika, Q na X hajawahi kuzihitaji na C haiji bila H nyuma yake. Sasa anamsikia mwalimu anatamka "nait", na yeye anaandika nait, anakosa, wenzake wanamcheka, afu anaambiwa akakariri. Akariri nini jamani, orodha ndefu ya maneno ambayo hayana hata uhusiano?

Mi nafundisha tuisheni za jioni na njia hii naitumia. Mpe mtoto kazi moja tu, atafute maneno ambayo ndani yake kuna G, H na T zimefuatana. Atakuja na night, light, right, fight, tight, akikomaa zaidi anakuletea bought, brought, thought. Mwambie ayaandike kwenye daftari moja chini ya jingine, hapo anaona mwenyewe kumbe hii GH haitamkwi kabisa, na kumbe yapo makundi, lipo la ight na lipo la ought, ukilijua moja umejua ndugu zake wote. Kesho yake mpe K inayofuatwa na N mwanzoni mwa neno, atapata knife, knee, know, knock. Afu waambie watafute maneno yasiyo na a, e, i, o wala u hata moja, mwanzoni watabisha kwamba hayapo, mpaka mmoja aseme sky, mwingine dry, na yule anayependa muziki aibuke na rhythm!

Au andika ubaoni neno teacher uwaambie wachomoe maneno humo humo bila kuongeza herufi. Yatatoka tea, ear, each, reach, heart, earth, three, na mwenye jicho kali ataona kwamba herufi zote saba ukizipanga upya unapata hectare, ile ile hekta ya kwenye jografia, ukizipanga tena unapata cheater, yaani mdanganyifu. Mtoto akishaligundua hilo mwenyewe spelingi ya teacher haimtoki tena, na hakuna aliyemlazimisha.

Kuna wanaosema kujua maneno sio kujua lugha. Ni kweli kabisa na mfano upo, Nigel Richards wa New Zealand mwaka 2015 alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, ule mchezo wa kupanga vibao vya herufi kuunda maneno, huko Ubelgiji wakati Kifaransa chenyewe haongei, alimeza tu maneno ya kamusi. Ndo maana kwangu kuna sharti, neno halihesabiwi mpaka mtoto aseme maana yake kwa Kiswahili na alitungie sentensi. Lakini pia mwaka huo huo Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kingereza, alishinda kule Perth, Australia, kwahiyo mtu asituambie haya ni mambo ya wazungu.

Najua saivi kuna tovuti unaingiza herufi zako inakumwagia maneno yote kwa sekunde. Sizikatai, kwa kuhakiki zinafaa sana. Ila mtoto akianzia huko anakopi tu, kichwa hakijasumbuka, na hata hivyo bando sio kila mzazi analo. Aanze na kichwa chake, afu kamusi ya karatasi, simu ije mwisho.

Vifaa navyo visitutishe. Seti ya Scrabble dukani ni ghali, lakini boksi tupu, mkasi na peni vinatosha. Alfred Butts, Mmarekani aliyeubuni mchezo huo, alikaa akahesabu herufi kwenye magazeti ili ajue ipi inatumika sana, ndo maana katika vibao 100 E ziko 12, A na I tisa tisa, wakati Q, Z, X, J na K ni moja moja. Fuata hesabu hiyo hiyo kata vipande vyako, darasa zima linacheza.

Na hapa ndo nakuja kwako Mhariri. Lile fumbo la kujaza maneno kwenye visanduku ambalo dunia nzima inalijua lilianzia gazetini, New York World, tarehe 21 Desemba 1913, mtungaji akiitwa Arthur Wynne. Sasa na nyie tupeni kona ndogo kila Jumamosi, herufi saba tu kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, majibu yatoke wiki inayofuata na maana zake kwa Kiswahili pembeni. Zawadi wala hazihitajiki, jina la mwanafunzi na shule yake likitoka gazetini litabandikwa ukutani nyumbani kwao.

Mnaweza kuanza na hizi: A, E, G, I, N, R, T. Maneno mafupi yapo mengi humo, ila yapo yasiyopungua matatu yanayotumia herufi zote saba, na mojawapo ni aina ya jiwe.

Msomaji wenu,
Morogoro