Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: walio kwenye methadone wanaoza meno

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia kuhusu meno ya ndugu zetu walioacha unga, yaani heroini, na sasa wako kwenye methadone, dawa wanayopewa kliniki badala ya unga.

Tangu Muhimbili ifungue kliniki ya methadone mwaka 2011, wakafuata Mwananyamala, Temeke na kwingineko, serikali imeokoa watu wengi. Nafanya kazi na waraibu mitaani, nimeshuhudia. Mtu aliyekuwa analala kwenye magofu anarudi kwao, asubuhi anakunywa dozi mbele ya muuguzi, anakwenda kubeba mizigo sokoni, jioni anakula na wanawe. Hilo halina ubishi. Ila ukimchekesha, atafunika mdomo kwa mkono.

Unga hukausha mate, na mate ndiyo kinga ya kwanza ya meno. Moshi wa kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi na kuvutwa kama sigara, unazidisha ukavu. Mraibu hutamani sana vitu vitamu, soda na chai iliyojaa sukari, na mswaki hauna nafasi pale ambapo siku nzima inakwisha kwa kutafuta kete, kipakiti kidogo cha unga, kabla arosto, yaani maumivu ya kuukosa, haijamkamata. Kwa kuwa heroini hutuliza maumivu, jino linaweza kutoboka hadi kwenye mshipa mwenyewe asishtuke.

Akiacha unga, ndipo meno yanapoanza kudai. Dozi inayozuia arosto haitoshi kutuliza jino lenye usaha, na methadone yenyewe nayo inakausha kinywa.

Kijana mmoja ninayemfahamu alikwenda hospitali ya umma shavu limevimba mpaka jicho limeziba. Aliposema yuko kwenye methadone, akaambiwa akae pembeni, wenye shida za kweli wahudumiwe kwanza. Alisubiri mpaka akachoka, akaondoka. Usiku ule alinunua kete, baada ya miezi mingi ya kutogusa unga. Nilipomuuliza alinijibu, "Dada, sikutaka kulewa. Nilitaka kulala." Sikuwa na la kumlaumu, na mpaka leo linaniuma.

Wapo wanaokimbilia tramadol, dawa kali ya maumivu, na tramadol juu ya methadone inaweza kumkata mtu pumzi. Wapo wenye fangasi wa kinywa. Hao wakiandikiwa flukonazoli na mtu asiyejua kwamba wanatumia methadone, kiwango cha methadone mwilini kinaweza kupanda hadi kuhatarisha maisha. Kwa hiyo anayetibu kinywa na anayetoa dozi wanapaswa kufahamiana. Kule ninakopita, hawafahamiani.

Mheshimiwa, ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu dawa ya meno yenye floraidi, saruji ya kuzibia meno, na dawa ya kupaka inayosimamisha kuoza. Ile ya kupaka hulitia jino weusi pale lilipooza, lakini haihitaji sindano ya ganzi wala mashine ya kuchimba. Na hawa wagonjwa wetu hawahitaji kutafutwa. Wanakuja dirishani wenyewe, wengi wao kila siku, jua au mvua. Tabibu wa meno akifika hata mara moja kwa wiki atawakuta.

Kila anayeandikishwa apimwe kinywa siku hiyo hiyo. Linalozibika lizibwe, maana siku hizi jibu la haraka ni kung'oa, na kijana asiye na meno ya mbele hukataliwa kazi kabla hajafungua bahasha ya vyeti. Wasio na uwezo wapewe msamaha wa malipo, kwani anayeishi kwa vibarua hatachagua kuziba jino akaacha kununua unga wa ugali. Mswaki na dawa ya meno vitolewe pale pale kliniki, pamoja na chupa ya maji ya kunywa badala ya soda. Nyumba za upataji nafuu, wanakoishi walioacha unga, nazo zisisahaulike, kwa sababu huko ndiko wengi wanakopitia wiki za mwanzo, ambazo maumivu ni makali zaidi.

Naomba agizo litoke ofisini kwako na liingie kwenye mwongozo wa huduma za methadone, ili muuguzi wa dirishani anapoambiwa "jino linaniuma" awe na mahali pa kumpeleka mgonjwa siku ile ile.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhudumu wa jamii, Dar es Salaam