Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa

Yah: Kamera ya tumbo

Ndugu Mganga Mkuu,

Salamu, na pole kwa majukumu. Mimi ni mkazi wa mkoa wako, mtoto wa mama aliyetibiwa vidonda vya tumbo miaka nenda rudi, mpaka ikaja kujulikana kuwa ni saratani.

Jumanne iliyopita mama mdogo naye, anayetapika kila akila, alirudishwa nyumbani kutoka hospitali. Kamera ya kuchungulia ndani ya tumbo ni mbovu, fundi hajaja. Ni ile ile uliyoikatia utepe, ngoma zikirindima, ukaahidi kwamba hakuna tena atakayesafiri hadi Dar kuangaliwa tumbo. Tulikupigia makofi. Kipande cha utepe bado kimening'inia mlangoni. Angalau hicho hakijaharibika.

Nimejisomea mwenyewe, maana wa kunieleza hakuwepo. Bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Warren na Marshall wa Australia walipewa Nobel ya 2005 kwa kumgundua, akikaa tumboni miaka mingi ukuta wa tumbo huvimba, na seli huanza kutoa kwa wingi kimeng'enya kiitwacho COX-2. Hicho hutengeneza kemikali ya mwili iitwayo prostaglandini E2, nayo huzihimiza seli zigawanyike, huzikinga zilizoharibika zisife, na husaidia mishipa mipya ya damu iote kuulisha uvimbe wa saratani. Kazi hiyo haisubiri mwaka mpya wa fedha, Mganga Mkuu.

Usinijibu kwamba zipo dawa za kukizuia kimeng'enya hicho. Zipo. Mojawapo, rofecoxib, iliondolewa sokoni 2004 kwa sababu ya mshtuko wa moyo. Diklofenaki, dawa ya maumivu aliyokuwa akinunua mama dukani kwa ajili ya magoti, huzuia pia kimeng'enya ndugu yake, COX-1, kinacholinda tumbo. Labda ndiyo iliyomchimba. Labda ni maji ya kisima chetu, labda samaki wa chumvi. Nani alipima?

Bakteria huyu anatibika kwa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, na antibayotiki mbili, kwa kawaida siku 14. Visiwa vya Matsu huko Taiwan walianza 2004 kupima watu wazima na kuwatibu, na saratani ya tumbo ikashuka. Mama yangu alipewa magnesiamu ya kutafuna, imefungwa kwenye karatasi ya daftari, akaambiwa apunguze maharage na pilipili. Akapunguza. Akapungua na yeye: kanga iliyokuwa ikimtosha mzunguko mmoja sasa inamzunguka mara mbili. Uji anakunywa kwa kijiko cha chai, na nusu yake hurudi.

Siombi semina, wala bango jingine la "Afya Yako, Jukumu Letu". Naomba kamera itengenezwe. Kama fedha hakuna, basi tuambie za maturubai na spika za siku ya uzinduzi zilitoka fungu gani, ili fundi naye alipwe kutoka fungu hilo. Vipimo vya kinyesi vya kumtafuta bakteria huyo vikifika zahanati zetu nitashukuru, lakini kwanza kamera. Itengenezwe mwezi huu. Si robo ijayo ya mwaka, si "mchakato unaendelea". Mwezi huu.

Mama mdogo yuko nyumbani, na namba yake ya simu imeandikwa kwenye daftari la mapokezi. Akiitwa leo, kesho atakuwa amefika, hajala chochote tangu usiku, kama alivyoelekezwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa mkoa wako